Kutambua Dalili za Wadudu wa Minazi, Mikorosho, Miembe na Michungwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wakulima wa ukanda wa Pwani, kuanzia Kilifi na Kwale hadi Tanga, Unguja, Pemba, Lindi na Mtwara, huyarudia kila msimu. Majibu yanahusu zaidi namna ya kusoma alama ambazo wadudu huziacha kwenye mti. Dawa zimetajwa kwa uchache kwa makusudi, kwa sababu mkulima asiyejua ni mdudu gani aliyemharibia hawezi kuchagua dawa inayofaa, na mara nyingi huishia kuwaua wadudu waliokuwa wakimsaidia.

## Mambo ya msingi

1. Nitajuaje kwamba mti wangu umeshambuliwa ilhali sioni mdudu hata mmoja?

Hali hiyo ni ya kawaida kabisa. Wadudu waharibifu wengi hutoka usiku, hujificha ndani ya gome au tunda, au hukaa kileleni ambako macho ya mtu aliyesimama chini hayafiki. Kwa hiyo mkaguzi mzuri hutafuta kwanza kazi ya mdudu, kisha ndipo amtafute mdudu mwenyewe.

Kazi hiyo hutegemea namna mdudu anavyokula. Wale wenye meno ya kutafuna, kama vile viwavi na mbawakavu, huacha majani yenye matundu, kingo zilizoliwa au ufito wa kati uliobaki peke yake. Wanaofyonza hawaachi tundu la kuonekana upesi. Mahali walipochoma hugeuka doa jeusi au kovu, jani hujikunja, na wakati mwingine majimaji matamu yanayonata hudondokea majani ya chini. Wanaotoboa shina huacha unga, nyuzinyuzi au utomvu. Wapo pia wanaotaga mayai ndani ya tunda, na hao ndio wagumu zaidi kuwagundua, kwa maana alama yao ya nje huweza kuwa ndogo kuliko kichwa cha sindano.

2. Nianzie wapi kuukagua mti, na saa ngapi?

Anzia chini ya mti, hata kabla ya kuinua macho. Matunda machanga yaliyoanguka, vinyesi vidogo vya viwavi, unga wa mbao na majani mabichi yaliyodondoka vitakueleza sehemu ya kuangalia huko juu. Kisha kagua shina kutoka usawa wa udongo hadi panda la kwanza, hasa kwenye nyufa za gome. Mwisho angalia machipukizi, maua na upande wa chini wa majani, ambako wadudu wengi laini hujikinga na jua na mvua.

Asubuhi mapema ndiyo saa bora, kwa sababu wadudu wanaoruka huwa wazito kwa baridi, na wale wanaokimbia jua huwa bado hawajajificha. Vifaa vinavyohitajika si vingi: kisu kidogo chenye makali, kioo cha kukuzia, na kitambaa cheupe cha kutandaza chini ya tawi unapolitikisa, ili wadudu wanaodondoka waonekane. Kagua miti kadhaa iliyotawanyika shambani, ikiwemo ya pembezoni, badala ya kurudia mti ule ule ulio karibu na nyumba.

3. Unga unaoonekana shinani unatoka kwa mdudu gani?

Unga huo una aina zake, na inafaa uushike mkononi kabla ya kuamua. Nyuzinyuzi zilizotafunwa, zenye unyevu na zinazochomoza kwenye makutano ya makuti ya mnazi, ni kazi ya chonga (tazama swali la 6). Uchafu wa kahawia unaokaribia weusi, uliochanganyika na utomvu na kuganda kwenye gome la mkorosho, ni wa bungua wa shina (swali la 11). Unga mkavu na laini unaotoka kwenye vitundu vidogo vya duara katika tawi lililokwisha kufa kwa kawaida ni wa wadudu wa mbao kavu, ambao huja baada ya tawi kufa na hawakuliua wao. Kama ulichokiona ni chembe ngumu zilizotawanyika ardhini na juu ya majani, hivyo ni vinyesi vya viwavi, nao watafutwe kwenye majani yaliyo juu ya mahali hapo.

4. Majani yamekuwa meusi kama yamepakwa masizi. Je, huo ni ugonjwa wa mti?

Weusi huo ni ukungu, lakini haukui ndani ya jani. Unaota juu ya majimaji matamu yanayotolewa na wadudu wanaofyonza, kama vile vidukari, wadudu gamba na vidung'ata, wale wadogo waliojifunika unga mweupe. Sugua jani kwa kidole gumba. Weusi ukitoka na chini yake jani likabaki la kijani, basi chanzo ni wadudu, nao huwa kwenye jani au tawi lililo juu zaidi. Geuza majani hayo ya juu uangalie upande wa chini, ukifuata ufito wa kati.

Msururu wa sisimizi wanaopanda na kushuka ni kielelezo kingine, kwani sisimizi wengi huyafuata majimaji hayo na huwalinda wanaoyatoa. Ukungu wenyewe hauhitaji dawa: wadudu wakipungua, mvua na jua huuondoa taratibu. Madhara yake halisi ni kulizuia jani kupata mwanga na kuchafua matunda yanayopelekwa sokoni.

5. Shina lina njia za udongo za mchwa. Je, mti utakufa?

Mara nyingi hapana, na hapa ndipo pesa nyingi za dawa hupotea bure. Kwenye mwembe au mkorosho uliokomaa, mchwa wanaojenga njia za udongo juu ya gome hula zaidi tabaka la nje lililokwisha kufa. Kwangua udongo huo kwa kisu, kisha ukwaruze gome kidogo: ukikuta kijani na unyevu, mti ni mzima.

Miche na miti michanga ni jambo jingine. Mchwa wanaweza kuula mche kuzunguka shina katika usawa wa udongo au chini yake kidogo, nao ukanyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani na kung'oka kwa urahisi ukiuvuta. Hatari huongezeka wakati wa kiangazi, na pia pale nyasi za kufunika udongo zinaposukumwa hadi kugusa shina.

## Minazi

6. Makuti mapya yanafunguka yakiwa yamekatika kama yaliyokatwa kwa mkasi. Nani anafanya hivyo?

Ni chonga, mbawakavu mkubwa mweusi mwenye pembe kichwani, anayejulikana kitaalamu kama Oryctes monoceros. Urefu wake ni kati ya sentimita tatu na tano hivi. Huruka usiku, akatua kileleni, na kuchimba njia kupitia sehemu laini zilizo kwenye makutano ya makuti hadi kulifikia kuti changa ambalo bado limejikunja. Kwa kuwa kuti hilo limekunjwa kwa tabaka nyingi, mtoboo mmoja hupita kwenye tabaka hizo zote. Kuti linapokuja kufunguka wiki kadhaa baadaye, pigo lile moja huonekana kama mikato iliyopangana pande zote mbili za ufito, na mara nyingi ncha za kuti huwa zimekatika kwa umbo la pembetatu.

Maana yake ni kwamba mkato unaouona leo unaeleza shambulio lililokwisha kupita. Ili kujua kama chonga yumo sasa, angalia kileleni: tundu lenye upana wa kutosha kuingiza kidole, lililozibwa na nyuzinyuzi mbichi zenye unyevu, ni dalili kwamba mdudu bado yumo au ametoka karibuni. Nyuzinyuzi zilizokauka na kugeuka rangi ni za zamani. Katika minazi michanga ambayo kilele chake kipo usawa wa mikono, wakulima wenye uzoefu huingiza waya wenye ncha iliyopindwa kama ndoana na kumtoa chonga. Ni kazi ya uvumilivu, lakini inaokoa mnazi, kwa sababu mnazi una kilele kimoja tu cha kukulia, na chonga akikifikia mti hufa.

7. Nimekuta mabuu makubwa meupe kwenye samadi. Je, hao ndio watakaokuja kuwa chonga?

Huenda ndio, na inafaa kuchunguza. Buu la chonga ni nene, jeupe, lenye kichwa cha kahawia, na hujikunja nusu duara linapotolewa. Haliishi kwenye mnazi ulio hai. Makao yake ni magogo ya minazi yaliyooza, visiki, samadi ya muda mrefu na marundo ya takataka za mimea. Mbawakavu wengine wasio na madhara pia huwa na mabuu ya sura hiyo katika samadi, kwa hiyo ukubwa ndio ushahidi wa kwanza: buu lililokua la chonga ni nene kama kidole gumba au zaidi.

Palipo na mikato mingi kileleni, tafuta gogo lililoanguka karibu na upasue sehemu iliyolainika. Gogo moja lililoachwa likaoza linaweza kulisha shamba zima chonga. Kulipasua, kulikausha na kulichoma, au kuigeuza samadi mara kwa mara ili kuku wayaokote mabuu, kuna faida kubwa kuliko dawa yoyote inayomiminwa kileleni.

8. Vidaka (nazi changa) vinaanguka kwa wingi. Nitajuaje kama chanzo ni mdudu?

Mnazi wenye afya pia hudondosha baadhi ya vidaka, hasa wakati wa ukame, hivyo kuanguka peke yake hakuthibitishi kitu. Okota vidaka kumi au zaidi uvichunguze kwa makini, hasa sehemu ya juu karibu na kikonyo. Kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi, huchoma kidaka na kufyonza, na mate yake huua nyama iliyozunguka mahali hapo. Utaona doa la kahawia lililobonyea, lenye urefu kuliko upana, na mara kwa mara tone la utomvu ulioganda juu yake. Vidaka visivyoanguka huendelea kukua vikiwa na makovu yenye nyufa, na nazi hutoka ndogo au iliyopinda.

Mdudu mwenyewe ni wa rangi ya hudhurungi, mwenye vipapasio virefu na urefu usiozidi sana sentimita moja na nusu. Wachache sana wanatosha kuleta hasara kubwa, ndiyo maana ni nadra kuwaona. Kunguni huyu alichunguzwa sana Zanzibar katika miaka ya 1950, na jina lake la kitaalamu linatokana na M. J. Way, mtafiti aliyeonyesha jinsi idadi yake inavyofungamana na aina ya sisimizi wanaokaa mnazini. Jambo hilo linaelezwa katika swali linalofuata.

Ikiwa alama iliyopo ni baka jeupe lenye umbo la pembetatu linaloanzia chini ya kofia ya nazi, kisha likageuka kahawia na kupasukapasuka kama gome, hiyo si kazi ya kunguni. Ni ya utitiri wa nazi, viumbe wadogo mno ambao hawaonekani kwa macho matupu na ambao kwa hakika si wadudu.

9. Maji moto wamejaa kwenye mnazi na mwembe wangu. Je, niwaangamize?

Ninashauri usiwaangamize, na ninasema hivyo nikijua vizuri kwamba wakwezi na wachumaji hawatafurahi. Maji moto ni sisimizi wanaojenga viota kwa kuyavuta majani pamoja na kuyashona kwa uzi unaotolewa na mabuu yao wenyewe. Ukisimama karibu na kiota kinachojengwa utawaona wafanyakazi wakiwa wamejipanga ukingoni mwa jani, kila mmoja amelishika kwa meno, huku wengine wakipita na buu mdomoni kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Majani hayo yaliyoshonwa ndiyo hasara pekee ya dhahiri wanayoileta, pamoja na kuumwa.

Faida yao ni kubwa zaidi. Maji moto huwinda mchana na usiku, na mti wanaoumiliki huwa na kunguni wa minazi na mbu wa mikorosho (tazama swali la 10) wachache mno. Katika mikorosho na miembe huwasumbua pia nzi wa matunda wanaotaka kutaga. Ila adui wao ni sisimizi mdogo wa kahawia mwenye askari wa vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, anayejenga chini ya shina. Ukiona maji moto wametoweka kwenye miti ambayo walikuwapo, na misururu ya sisimizi hao inapanda kutoka ardhini, tarajia vidaka vyenye makovu katika miezi inayofuata.

Siku ya kuangua au kuchuma, majivu makavu yaliyopakwa mikononi na miguuni hupunguza kuumwa. Palipo na minazi iliyokaribiana, kamba inayofungwa kutoka mti hadi mti huwawezesha kuhamia miti ambayo bado hawajaifikia.

## Mikorosho

10. Machipukizi ya mkorosho yamekauka kama yaliyopitiwa na moto. Tatizo ni nini?

Shaka ya kwanza iwe kwa mbu wa mikorosho, ambao licha ya jina lao si mbu bali ni jamii ya kunguni, wa jenasi ya Helopeltis. Wanapenda majani na matawi laini, kwa hiyo madhara huonekana mikorosho inapochipua na kutoa maua, katika miezi inayofuata masika. Kwenye majani machanga, kila mahali walipofyonza hubaki doa jeusi lenye pembepembe, lililozuiwa na mishipa ya jani. Kwenye chipukizi doa huwa refu, likifuata urefu wa tawi. Madoa yakiungana, chipukizi hufa kutoka nchani kurudi nyuma, na mkorosho ulioshambuliwa sana huonekana umebabuka.

Watafute asubuhi mapema au jioni upande wa chini wa majani laini. Ni wembamba, wenye vipapasio virefu kuliko mwili, na mgongoni wana kijiti kilichosimama chenye kifundo juu, mfano wa pini. Kwa kioo cha kukuzia utaona hata mayai yao: yenyewe hufichwa ndani ya tawi laini, lakini kila yai huacha nyuzi mbili nyeupe fupi zikichomoza nje.

Korosho changa iliyosinyaa na kuwa nyeusi ikiwa bado imeshika kwenye tawi inaweza pia kuwa kazi ya kunguni yule yule wa minazi (swali la 8), kwani hashambulii mnazi peke yake. Ukikuta unga mweupe juu ya maua na majani machanga, huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na dawa ya wadudu haitausaidia mti.

11. Utomvu mweusi uliochanganyika na uchafu unatoka kwenye shina la mkorosho. Nifanye nini?

Hiyo ni dalili ya bungua wa shina, Mecocorynus loripes. Ni mbawakavu wa rangi ya kijivu na kahawia, mwenye mgongo wa vinundu, anayefanana mno na gome. Jike hutoboa gome na kutaga, kisha buu hula chini ya gome na kuusukuma uchafu nje. Fungua gome kwa kisu pale utomvu unapotoka, fuata njia hadi ulipate buu, uliue. Matundu machache yaliyogunduliwa mapema hutibika kwa namna hiyo. Kama uchafu unazunguka shina na majani yamekwisha kuwa ya manjano na kupukutika, mti huo ni hazina ya mabungua kwa shamba lote. Ukatwe, gome libanduliwe, na mabuu yaliyomo yauawe kabla hayajawa mbawakavu.

## Miembe na michungwa

12. Nitalitambuaje embe lililotagwa na nzi wa matunda kabla halijaoza?

Tafuta kitundu kidogo kilichozungukwa na duara jeusi au lililofifia, pengine likiwa na mchirizi wa utomvu. Kata embe hilo kwa kisu kikali kupitia kitundu. Ukiwahi, utaona mayai meupe membamba yamekusanyika chini ya ganda, na ukichelewa utakuta funza na nyama iliyolainika. Kama hukuona kitu lakini una wasiwasi, weka maembe machache kwenye ndoo yenye mchanga mkavu, uifunike kwa kitambaa chembamba. Funza waliokomaa hutoka na kuingia mchangani ili kuwa mabundo (hatua ya kugeuka nzi).

Mharibifu mkuu wa sasa ni Bactrocera dorsalis mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Kwa muda aliitwa Bactrocera invadens, hadi wataalamu walipothibitisha kwamba ni spishi ile ile ya Asia. Maembe yaliyoanguka yasiachwe chini hata siku chache. Yafukiwe kwa kina cha nusu mita au zaidi, au yafungwe kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani.

13. Embe lilikuwa zima nje na ndani, lakini kokwa limeliwa. Imewezekanaje?

Fukusi wa kokwa, Sternochetus mangiferae, hutaga juu ya embe likiwa bado changa. Buu hupita kwenye nyama iliyo laini na kuingia kwenye mbegu, na embe linavyokua njia ile hujifunga. Ndiyo maana hakuna alama ya nje ya kutegemewa kwenye embe lililoiva. Ukaguzi wake ni kupasua makokwa. Kwa mlaji hasara ni ndogo, ila kwa anayeotesha miche au kuuza nje ya nchi ni kubwa.

14. Majani ya mchungwa yana michoro ya rangi ya fedha, au vinundu. Je, ni mdudu mmoja?

Hapana. Michoro inayojipinda ni njia za kiwavi mdogo sana anayeishi ndani ya jani changa. Huudhi kitaluni, lakini mchungwa mkubwa humstahimili. Kitu kinachofanana na kinyesi cha ndege juu ya jani, ambacho kikiguswa hutoa pembe mbili zenye harufu kali, ni kiwavi wa kipepeo. Katika mti mdogo waokote kwa mkono.

Vinundu vilivyoinuka upande wa juu, vyenye vishimo upande wa chini, ni makao ya Trioza erytreae, mfyonzaji mdogo anayependa nyanda za baridi. Ndugu yake wa mwambao, Diaphorina citri, haachi vishimo: hukaa kwenye machipukizi akiwa ameinua mkia, na watoto wake hutoa nyuzi nyeupe za nta. Wote wawili hueneza bakteria wanaofanya majani yawe na mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili za ufito, na machungwa kubaki madogo, yaliyopinda na yenye uchungu. Dalili hizo zikionekana, toa taarifa mapema.

## Hali zenye utata

15. Nitatofautishaje kazi ya mdudu na ugonjwa?

Angalia mpangilio. Madhara ya wadudu kwa kawaida hutawanyika bila utaratibu, jani moja limeumia na jirani yake ni zima, na huwa na ushahidi: kinyesi, ganda lililovuliwa, yai, uzi au tundu. Ugonjwa unaosafiri ndani ya mti huenda kwa hatua. Mfano mzuri ni ugonjwa unaoua minazi Tanzania na Kenya: nazi za rika zote huanguka, maua mapya huwa meusi, kisha makuti hugeuka manjano yakianzia ya chini. Kunguni huangusha vidaka tu na hayagusi makuti. Kuna miti yenye vyote viwili, na katika hali hiyo ni busara kushughulikia kwanza kile kinachoua.

16. Alama ni nyingi, lakini zinaweza kuwa za zamani. Nipulize dawa au nisipulize?

Usipulize kabla ya kuthibitisha kwamba mharibifu bado yupo. Weka alama ya rangi au kitambaa kwenye machipukizi kadhaa mazima, uyakague tena baada ya siku chache. Madoa mapya yakitokea, shambulio linaendelea. Yasipotokea, dawa itaua maji moto, dudu kobe na buibui, na wafyonzaji wakirudi watakuta mti hauna mlinzi.

17. Nimpelekee nani mdudu nisiyemtambua?

Anza na afisa ugani wa eneo lako. Kwa Tanzania, vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), yaani TARI Naliendele kwa mikorosho na TARI Mikocheni kwa minazi vina wataalamu wa mazao hayo, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu hushughulikia wadudu wageni. Kenya kuna KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea.

Mdudu mgumu mtie kwenye kichupa chenye spiriti, na jani au tunda lililoharibiwa lifunge kwa gazeti badala ya plastiki, ili lisioze njiani. Andika tarehe, mahali, aina ya mti na sehemu ya mti alipopatikana, na uongeze picha iliyopigwa kabla hujamgusa. Usisafirishe miche, makokwa wala matunda yenye wadudu hai kwenda wilaya nyingine kwa ajili ya kuuliza. Nzi wa matunda, fukusi wa kokwa na wafyonzaji wa michungwa huenea kwa njia hiyo hiyo.